Faini ya Ijumaa

Magurudumu ya mbele yalikuwa yamekanyaga mistari myeupe ya kuvukia watu, na mama mmoja mwenye beseni la samaki wadogo, ndagala, kichwani alikuwa akilizunguka gari langu huku akilitukana. Hakujua kwamba mwenye gari ni mimi, kwa hiyo nikasimama nikamsikiliza mpaka akamaliza. Nilikuwa nimetoka kuswali Ijumaa. Kanzu ilikuwa bado imenyooka, moyo umetulia, na makosa yangu ya wiki nimeyaacha kwenye mkeka. Kisha nikaona karatasi imebanwa chini ya wiper.

Faini, kwa kosa la kuegesha gari juu ya kivuko. Namba ilikuwa yangu, barabara ilikuwa ile ile ya kuelekea Ngagara, na saa iliyoandikwa ni saa ambayo mimi nilikuwa nimesujudu.

Faini yenyewe ilikuwa ndogo, na wanaonifahamu wanajua kwamba udogo wa jambo haujawahi kunizuia. Mimi ni Massoudi, fundi wa bodi za magari wa mtaa wa Buyenzi, na ni mtu wa kubisha. Nimebishana na wauza nyama kuhusu mifupa, nimebishana na shemeji zangu wote, na siku moja nilibishana na daktari wa meno kuhusu jino gani lilikuwa linaniuma. Tena tangu nishike usukani sikuwa nimewahi kuandikiwa na polisi hata herufi moja. Sasa niandikiwe nikiwa msikitini? Lahaula!

Polisi aliyeandika alikuwa bado pale kwenye kona, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole. Nilimwendea karatasi ikiwa juu kama bendera.

"Afande, hii si yangu. Mi nilikuwa musikitini."

"Gari si yako?"

"Gari ni yangu. Lakini sikuiweka pale. Walisukuma."

Hakushangaa. Mwaka ule hakuna aliyeshangaa kusikia gari limetembea peke yake.

"Basi, muzee, Jumatatu ukuje ofisini na huyo alisukuma," akasema. "Akuje na permis yake ya kuendesha gari. Kosa litakuwa lake, we utaenda nyumbani. Kama haukuji, utalipa."

Hapo inabidi nieleze foleni yetu, maana asiyekuwa Bujumbura miaka ile esansi, yaani petroli, ilipopotea anaweza kudhani foleni ni watu kusimama. Yetu ilikuwa ya magari. Ilianza kwenye kituo cha mafuta, ikapinda kona, ikapita makanisa na maduka, na mkia wake ukaishia mahali ambapo watu hawakukumbuka tena kituo kiko wapi. Magari yalilala pale. Na kwa kuwa kuwasha injini ni kuchoma tone la mwisho ulilobakiza, hakuna aliyewasha. Mstari ukisogea, tulisukuma kwa mikono.

Ikawa desturi. Unaacha gari huru bila gia, breki ya mkono iko chini, kioo kiko wazi ili mtu aingize mkono na kushika usukani. Unamwambia wa nyuma yako, "Nisukumie," unaenda zako kazini, kula au kuswali. Kuvuta breki ya mkono kulikuwa utovu wa adabu. Kulikuwa na bwana mmoja, Honoré, aliyefunga gari lake akaenda harusini, na aliporudi alilikuta limebebwa na vijana na kuwekwa kwenye majani, foleni imempita. Hakulalamika. Alijua amekosa.

Wa nyuma yangu alikuwa Télesphore, dereva wa minibasi ya shule. Siku za ukame wa esansi watoto wa shule yake walitembea kwa miguu na yeye alikaa foleni. Siku ambazo esansi ilipatikana aliwabeba, kutoka Ngagara hadi mjini asubuhi, na kurudi mchana. Alikuwa Mkatoliki wa Ngagara, mjane, mtu mnene mwenye kicheko cha kuanzia tumboni. Tulipangiana bila kukaa kikao. Ijumaa yeye alinisukumia nikaenda kuswali. Jumapili yeye alikwenda misa, nami nikakusanya vijana, tukaisukuma minibasi yake huku mimi nimeshika usukani. Kudra, mke wangu, alinipa sambusa za watu wawili. Télesphore alileta mihogo ya kuchemsha aliyofungiwa na binti yake, Dative, aliyekuwa anasomea unesi. Tulikula tumeegemea bampa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mimi nilimpenda yule mtu, nasema wazi, ingawa simpendi kila mtu.

Kwa hiyo Ijumaa ile nilimrudia nimekasirika, lakini hasira ya nyumbani, ile ya kumfokea mtu ambaye baadaye mtakula naye. Nilimvuta mkono mpaka kwenye gari langu.

"We Télesphore! Nilikuambia nisukumie, sikukuambia uniuze! Mbona ulisimamisha gari juu ya mistari?"

"Mistari gani?" akauliza.

Alikuwa amesimama juu yake. Ilikuwa saa saba mchana, jua limekaa utosini, na rangi ile walikuwa wameipaka upya mwezi uliotangulia. Ilikuwa inaumiza macho. Nikadhani anatania. Nikanyoosha kidole chini, na yeye akainamisha kichwa kwa adabu, akatazama. Akazungusha mguu kwenye lami, taratibu, kama mtu anayetafuta sarafu gizani.

"Aa," akasema. "Hii."

Macho yake yalikuwa mazuri. Hayakuwa na ukungu wala wekundu. Kwa nje hayakuonyesha kitu.

"Nipe hiyo karatasi," akasema haraka. "Nitalipa mi. Leo leo. Nipe, Massoudi."

"Si mambo ya feza. Jumatatu tunaenda wote ofisini, unasema ni we ulisukuma, basi. Hawatakufanya kitu. Unaonyesha permis, unaandikwa."

 Foleni ikasogea, mtu wa nyuma akapiga honi, na sisi wawili tukalisukuma gari langu bila kuzungumza, likatoka kwenye mistari. Kisha akanishika begani.

"Permis yangu ilikufa mwaka jana," akasema. "Sikuenda kuibadilisha. Kule wanakuambia usome maherufi kwa ukuta."

"Na we?"

"Mi ukuta naona."

Alicheka kidogo, mimi sikucheka. Akaniambia yote pale pale, kwa sauti ya chini. Ilianza kidogo kidogo. Daktari alimwambia ni ugonjwa usiorudi nyuma. Vitu vikubwa aliviona, kama unavyoona milima ya Kongo siku yenye vumbi. Vitu vidogo vilikuwa vimeondoka.

"Na watoto, Télesphore?"

"Ile njia naijua. Kila shimo nalijua. Nasikia pikipiki mbele hujaiona we. Mpaka likizo kubwa tu, sha. Dative anamaliza, anapata kazi, mi naacha. Ukienda kubisha wataniita. Wakiniita nimekwisha. Lipa tu hiyo kitu. Ama nilipe mi. Mana yanje, Mungu wangu, Massoudi, ni karatasi tu!"

Ilikuwa karatasi tu, kweli. Niliikunja nikaitia mfukoni.

Nyumbani, Kudra alisikiliza nusu ya kwanza huku anacheka. Nimemwoa miaka mingi, na ugomvi wangu na dunia ndio redio yake.

"Lipa, baba Assia," akasema. "Lipa tulale. Utapeleka ubishi mpaka kwa polisi?"

Nikamweleza nusu ya pili. Akaacha kucheka. Alikaa kwenye kigoda, akaokota chuya za mchele kwenye ungo, akamaliza ungo mzima.

"Watoto wadogo?" akauliza.

"Wengine hata meno ya mbele hawajaota tena."

"Basi maisha yako yote umebishana bure," akasema. "Sasa ubishi wako umepata kazi, nawe unatafuta pesa za kulipa."

Nilikasirika, kwa sababu ni kweli nilikuwa nimeanza kuzitafuta.

Jumamosi lori la mafuta lilikuja. Foleni nzima ilishangilia, watu walikumbatiana na watu wasiowajua, na tukajaza, mimi na Télesphore, mmoja baada ya mwingine. Maana yake ni kwamba Jumatatu minibasi ingebeba watoto. Nilimngoja amalize kufunga tangi.

"Sikia," nikamwambia. "Nenda kwa mukubwa wa shule, umuambie we mwenyewe. Muambie macho imechoka, akutafutie kazi ingine, hata ya mulango. Ukisema, mi Jumatatu nalipa faini, na hakuna mutu atajua. Nakuapia."

"Sawa," akasema. "Nitamuambia."

"Lini?"

"Nitamuambia, Massoudi."

Jumapili nilimpigia simu baada ya misa. Iliita mpaka ikakatika.

Sasa, mimi si hakimu. Sikutaka kummaliza mtu kwa sababu ya swali moja alilouliza mchana wa jua kali. Pengine alikuwa amechoka. Pengine ile njia aliijua kweli kwa mwili wake, kama mimi ninavyojua mbonyeo wa bati kwa kiganja kabla sijautazama. Nilitaka kuwa na hakika. Jumatatu asubuhi nikavaa kanzu nyeupe, ile ya Ijumaa. Kudra akauliza nani amekufa. Nikamwambia ninakwenda ofisini, na hilo halikuwa uongo.

Nilikwenda kwanza pale kwenye kivuko. Kulikuwa kumekucha kabisa, jua limetoka, hakuna vumbi wala mvua. Muuza ndizi, mama mmoja, alikuwa anapanga mafungu yake kando. Niliona minibasi ikija kutoka Ngagara, rangi yake ya njano naijua, maana ubavu wake wa kulia niliunyoosha mimi. Nilitumaini nitaona mtu mwingine kwenye usukani. Nilitumaini sana. Ilipokaribia nikamwona yeye, na kofia yake ya Jumapili.

Nikaingia kwenye mistari, nikasimama katikati ya upande wake, nikainua mkono.

Mtu anayekuona hufanya kitu. Hupunguza, hupiga honi, hutukana, hata akikuchukia hufanya kitu. Injini ile haikubadilisha sauti. Nilimtazama usoni kupitia kioo. Alikuwa ametulia, kichwa kimeinama kidogo upande, anasikiliza. Nyuma yake watoto walikuwa wanaimba. Niliruka. Kioo cha pembeni kilinipiga kiwiko, nikaanguka kwenye ndizi za yule mama, naye akapiga kelele akimwita Mungu kwa Kirundi na mimi kwa Kiswahili nikimwita yule yule. Minibasi ilikwenda zake, ikapinda kona vizuri kabisa, na kwenye kona nilisikia bado wanaimba.

Niliogopa. Nilikaa kwenye ukingo wa barabara na kanzu yangu yenye maganda. Sikuwa ninajiogopea mimi, kwangu ilikuwa imeshapita. Mama wa ndizi aliniuliza kama nimeumia, nikamwambia hapana, nikamlipia fungu nililolikalia. Kisha nikaenda ofisini.

Yule afande wa sauti ya upole aliandika nilichosema. Nilisema kwamba aliyesukuma ni Télesphore, dereva wa minibasi ya shule, na kwamba permis yake aitazame vizuri. Mambo ya asubuhi sikuyasema. Wakampigia simu, na kabla ya watoto kutoka shule alikuwa amefika, kwa miguu, akipapasa fremu ya mlango kama mtu anayeisifu.

Aliposikia sauti yangu ndipo aligeuka upande wangu. 

"Hii imekwisha, muzee," afande akasema, akiishika permis. "Kwa nini hukubadilisha?"

"Kazi nyingi, afande."

"Macho iko sawa?"

"Iko sawa."

"Ile kalenda kwa ukuta unaiona?"

"Naiona."

"Inaonyesha mwezi gani?"

Télesphore aliutazama ukuta kwa muda. "Mwezi huu," akasema.

Tulikuwa Mei. Kalenda ilikuwa bado kwenye Machi, hakuna aliyejisumbua kuifunua. Ningeweza kucheka, na nadhani afande naye angeweza. Aliweka kalamu chini. Akamwambia kwa heshima, kwa Kirundi, kama binti anavyozungumza na baba yake, kwamba permis inabaki pale na kwamba shule itaarifiwa. Kisha akaichukua karatasi yangu ya faini, akaichana mara mbili.

"Umeshinda, muzee," akaniambia.

Nimeshinda mabishano mengi. Lile ndilo la pekee nililoshinda na karatasi ya serikali ikachanwa mbele yangu. Télesphore alitoka kabla yangu. Mlangoni alisimama kidogo, bila kugeuka.

"Hongera," akasema.

Watu wa foleni walijua kabla ya jioni. Esansi ilipotea tena baada ya wiki chache, kama kawaida yake, tukarudi kwenye mstari, na pale nilisikia majina yangu mapya. Msaliti. Mtu aliyemmaliza mwenziwe kwa faini ya kununulia sukari. Huseni, kijana wa teksi ambaye zamani alinichekea, alianza kuniita "Afande." Sikumbishia. Kudra ndiye aliyeshangaa, akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Kuwaeleza kungekuwa rahisi, ningenyanyua mkono wa kanzu nikawaonyesha kiwiko. Lakini habari ile ingetembea, na mtu aliyekaribia kumgonga mwenzake akiwa na watoto garini bila permis halali haachiwi kwa kunyang'anywa karatasi. Anafungwa. Hilo nililijua tangu pale kwenye ukingo wa barabara, nikiwa na ndizi mgongoni.

Shule ilimpa minibasi kijana mmoja. Télesphore hawakumpa kazi ya mlango. Nilimtumia salamu Krismasi, hakujibu. Nilituma nyama ya Iddi, Dative akaipokea, akasema asante, akafunga mlango. Nilimkosa. Mihogo nilikuwa nainunua sokoni, haikuwa na ladha.

Alikuja mwaka uliofuata, mchana, kwenye karakana yangu, uani kwetu nyumbani. Dative alikuwa amemshika mkono. Alikuwa amekonda, na kicheko hakikuwa tumboni tena, sijui kilikuwa wapi. Nilizima mashine, nikawaambia vijana wakanunue rangi. Dative alimkalisha kwenye benchi, akasema atakuja kumchukua, akaenda zake.

"Karibu," nikasema.

"Karibu nimekwisha karibia," akasema. "Massoudi, kuna kitu nauliza. Dative ananunuaka ndizi pale njiani ya Ngagara. Yule mama alimwambia, eti ile Jumatatu, ile asubuhi, minibasi yangu ilitaka kuua mutu. Mutu wa kanzu nyeupe. Mi nikasema ni uongo. Ningesikia."

Nilifuta mikono kwa kitambaa.

"Ni nani?" akauliza.

"Ni mi."

 Nje mtu alikuwa anagonga bati, nyundo ndogo, kazi ya mwisho ya kulainisha. Télesphore alisubiri mpaka ikaacha.

"Ilikuwa karibu?"

"Kioo kilinipiga mukono."

"Na watoto walikuwa ndani."

"Walikuwa ndani. Walikuwa wanaimba."

Alijipapasa magoti, akayashika, kana kwamba minibasi ilikuwa bado inakwenda.

"Pale ofisini hukusema," akasema.

"Wangekufunga."

"Mwaka mzima nakuchukia bure." Sauti yake ilipanda, alikuwa amekasirika kweli. "Ungeniambia! Siku ile ile, ungekuja Ngagara, ungesema, Télesphore, ulitaka kuniua. Kwa nini hukuniambia mi?"

"Ungeniamini?"

Alifikiri. Alifikiri kwa haki, jinsi mtu anavyopima kitu kizito kabla ya kukitia mezani.

"Apana," akasema.

Kudra alikuwa ametuletea chai ya tangawizi, ameiweka kwenye benchi, akaondoka bila kuzungumza, jambo ambalo si kawaida yake. Télesphore alinyoosha mkono. Ulipita kando ya kikombe, ukarudi, ukapita tena. Nilikisogeza mpaka kikagusa vidole vyake, naye akakishika.